Mtu akianza kulia mbele yangu, nifanye nini?

Swali la msomaji wa Nyalenda, Kisumu: "Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Naingia nyumba za watu kupima presha na sukari na kuulizia chanjo za watoto. Lakini mara nyingi, nikishamfunga mama kile kitambaa cha presha mkononi, anaanza kulia. Mmoja atanieleza mambo ya ndoa, mwingine mtoto aliyefariki, mwingine madeni ya chama. Mimi humwambia avumilie, au tunaomba pamoja, kisha naondoka nikijua sijamsaidia. Nataka kujifunza stadi za msingi za ushauri nasaha. Nianzie wapi? Na je, ni lazima nirudi chuoni?"

Dada yangu, nianze na hilo la chuo kwa sababu ndilo linalowazuia wengi. Si lazima. Hapa kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kumsikiliza mtu aliyelemewa kwa namna inayompa nafuu na kumrudishia uwezo wa kufikiri. Hiyo anaweza kujifunza yeyote mwenye utu na subira, mradi afanye mazoezi. Ya pili ni taaluma ya ushauri nasaha, yenye chuo, usajili na sheria yake, nayo nitaigusa mwishoni.

Kwamba ya kwanza inawezekana kwa watu kama wewe, ushahidi upo, tena wa hapa Afrika. Mwaka 2006 kule Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza akina bibi wa mtaa wa Mbare, ambao tayari walikuwa wahudumu wa afya ya jamii, wakae na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Walifunzwa kumsaidia mgeni ataje matatizo yake yote, achague moja, kisha atafute mwenyewe hatua ya kwanza ya kulikabili. Utafiti uliochapishwa 2016 uliwafuata watu 573. Baada ya miezi sita, katika kundi lililokaa na akina bibi hao, waliokuwa bado na dalili za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, walikuwa karibu asilimia 14. Katika kundi jingine, lililopata huduma ya kawaida ya kliniki, walikuwa karibu asilimia 50. Hapa Kenya nako, wahudumu wa afya ya jamii wa Dagoretti, Nairobi, walifunzwa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano na kuwahudumia wanawake, wengi wao waliopitia ukatili. Matokeo yalitoka 2017, na wanawake hao walipata nafuu zaidi ya wale wa huduma ya kawaida.

Kwa hiyo usijidharau. Lakini angalia walichofunzwa akina bibi wale: yule mgeni ndiye anayechagua na ndiye anayetafuta hatua. Hapo ndipo kazi yote ilipo, na ndipo sisi wengi tunapokwama, kwa sababu tumelelewa tukijua kwamba mtu akikuletea shida, heshima ni kumpa jibu.

Hebu tutazame hilo "vumilia" lako. Ukijichunguza vizuri utaona kwamba mara nyingi tunalisema ili sisi tupumue. Machozi ya mtu yanatutia wasiwasi, tunataka yakome, basi tunatoa neno la kuyafunga. Yeye hulisikia hivyo hivyo: anafuta uso kwa kanga, anasema "ni sawa tu, nimezoea," na anakuuliza presha imesoma ngapi. Mazungumzo yamekwisha. Stadi ya kwanza, ambayo nyingine zote zinaitegemea, ni kuweza kukaa na machozi ya mtu bila kuyafukuza.

Kabla ya maneno, mahali. Nyalenda unaijua kuniliko. Nyumba za mabati zinagusana ukuta, na jirani akikohoa unamsikia. Mama hawezi kukueleza la chumbani wakati mama mkwe anachambua omena mlangoni na mtoto wa darasa la sita anafanya kazi ya shule kwenye kiti cha pili. Usimsukume aongee hapo. Mwambie kwa sauti ya chini, "Naona kuna jambo. Ungependa tuongee mahali pengine?" Mnaweza kutembea pamoja hadi kwenye maji, au akakufuata kituo cha afya siku ya kliniki. Redio ikiwa imewashwa, wakati mwingine iacheni iendelee, inawasitiri. Ukipata nafasi, vua kile kitambaa cha presha kwanza, funga daftari lako, weka simu ndani ya mkoba. Keti usawa wake. Kama yeye yuko kwenye kigoda, usimsimamie. Ukae kwa pembe kidogo badala ya kumkabili uso kwa uso, hasa akiwa mkubwa wako kwa umri, maana kumkazia macho mtu mzima kwetu si adabu. Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa Marekani na husisitiza kumtazama mtu machoni. Wewe mtazame kwa kiasi ambacho angetazamwa na binti mwenye heshima.

Sasa maneno. Nakupa mfano niliotunga, ila umefanana na mengi unayokutana nayo. Mama anasema: "Tangu mzee aanze kulala nje, sipati usingizi. Kichwa kinaniuma kila siku. Nimechoka."

Tulivyozoea, tungejibu: "Usichoke, mama. Wanaume ndivyo walivyo. Wewe shika maombi." Au tungeanza kuhoji: "Analala wapi? Kwa nani? Umewaambia wazee wa ukoo?"

Jaribu badala yake kumrudishia neno lake zito kuliko yote, polepole, bila kuliulizia: "Umechoka." Kisha nyamaza.

Ni fupi mno, najua, na mara ya kwanza utajiona kama hujafanya lolote. Lakini mara nyingi mtu ataendelea: "Nimechoka kabisa. Unajua hata majirani wanajua? Nikienda kuchota maji wananiangalia."

Hapo unamwonyesha kwamba umeelewa, kwa maneno yako mwenyewe: "Kwa hiyo si huko kulala nje peke yake. Kuna na aibu ya watu kujua."

"Aibu ndiyo inaniua, dada."

Tazama tulipofika kwa kauli mbili. Ungetoa ushauri mapema ungeshauri kuhusu mume, na kumbe kinachomkosesha usingizi zaidi ni macho ya watu pale bombani. Mtu mwenyewe mara nyingi hajui hilo mpaka ajisikie akilisema. Na ukikosea, hakuna ubaya. Ukisema "aibu" naye akajibu, "La, si aibu, ni hasira," amekufundisha, na amejifafanulia hali yake kuliko alivyoielewa asubuhi. Mradi uliseme kwa sauti ya mtu anayeuliza kama amesikia vizuri, si ya hakimu anayesoma uamuzi.

Hisia zina majina mengi kuliko "huzuni" na "hasira", na inafaa uyazoee: uchungu, hofu, fedheha, upweke, majuto, wivu, kukata tamaa, hatia. Wengine hawatataja hata moja. Watakwambia kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, au "nawaza sana". Anza na hapo walipo. "Hayo mawazo yakija usiku, huwa yanakuja na nini?" ni njia nzuri ya kuingia kuliko kumwambia ana msongo. Ila maumivu ya mwili yapimwe pia. Mama mwenye presha ya juu na kichwa kinachouma anahitaji kliniki pamoja na sikio lako.

Kuhusu maswali, nina msimamo mkali kidogo: punguza "kwa nini" na "mbona" hadi karibu yaishe. "Mbona hukuondoka?" humfanya mtu ajitetee, kwa sababu analisikia kama shtaka, hata ukilisema kwa upole. Uliza "ilikuwaje", "nini kilifuata", "wewe ulijisikiaje", "ni kipi kinakusumbua zaidi katika haya". Maswali ya ndiyo na hapana yanafaa unapohitaji jambo moja la hakika, kama vile amekula au amemeza dawa. Ukijiona umeuliza matatu mfululizo, umegeuka karani wa sensa. Rudi kwenye kumrudishia maneno yake.

Na ukimya. Mtu akinyamaza baada ya kusema jambo zito, usiogope. Anafikiri, au anapima kama wewe ni wa kuaminika. Vuta pumzi taratibu, subiri. Atakayevunja ukimya awe yeye.

Karibu na mwisho, fupisha: "Nimesikia mambo matatu: kutolala, aibu ya majirani, na karo ya mtoto wa kidato cha pili. Kuna nililoliacha? Ungetaka tuanze na lipi?" Hapo ndipo mnaingia kwenye hatua, na iwe ndogo ya kufanyika wiki hii, iliyotoka kinywani mwake. Ukiwa na habari ambayo hana, kama mahali pa kupata huduma fulani, mpe. Kutoa habari si kosa. Kosa ni kumwamulia maisha yake.

Mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers, katika makala yake ya 1957, alisema mabadiliko ya mtu aliye mbele yako yanahitaji, pamoja na mengine, mambo haya kwa anayemsikiliza: aelewe hali yake kana kwamba anaiona kwa macho yake, amkubali bila masharti, na awe mkweli, asiwe mtu wa kuigiza. Hilo la kumkubali ndilo gumu kwetu. Atakuja binti aliyetoa mimba. Atakuja mwanamke wa ufuoni anayempa mvuvi mwili wake ili auziwe samaki, ile tunayoiita jaboya. Atakuja mzee anayempiga mkewe na bado analia. Kumkubali mtu si kuyakubali matendo yake yote. Ni kumfanya aweze kuyasema bila kuyapamba, kwa sababu asichoweza kukisema hawezi kukibadilisha.

Siri inataka tahadhari kuliko watu wanavyodhani. Usiahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote chochote. Ahidi unachoweza kutimiza, na uahidi kabla hajaanza: "Tunayoongea yanabaki kwetu, isipokuwa nikisikia kwamba maisha yako au ya mtoto yamo hatarini, hapo itabidi tutafute msaada, na nitakwambia kabla." Baada ya hapo usiandike jina lake popote pasipostahili, usilitaje kwenye kundi la WhatsApp la wahudumu, na usiseme hata "kuna mama mmoja wa karibu na kanisa", maana mtaani kila mtu atamjua. Ndugu zako wa damu na jirani wa mlango kwa mlango usiwachukue. Watafutie mhudumu mwenzako.

Sasa jambo ambalo sitaki ulipite haraka. Yule mama wa mfano alisema aibu "inaniua". Mara nyingi ni usemi tu. Lakini ukisikia "nimechoka kuishi", "watoto watakuwa sawa bila mimi", au mtu ameanza kugawa vitu vyake na kuaga watu bila sababu, uliza waziwazi: "Je, umefikia kufikiria kujiua?" Wengi wanaogopa kwamba swali litampa wazo. Halimpi. Kwa kawaida linampa nafuu kwamba hatimaye kuna mtu aliyethubutu kulitaja. Akisema ndiyo, uliza amefikiria kwa njia gani, lini, na kama hicho kitu kiko nyumbani. Mashambani na hata mitaani mara nyingi ni dawa ya wadudu, na kuiondoa ndani ya nyumba siku hiyo hiyo huokoa maisha, kwa sababu wakati mkali zaidi huja na kupita. Usimwache peke yake. Mtafuteni mtu anayemwamini, na mfuatane naye hospitalini, pale Jaramogi Oginga Odinga au kituo kilicho karibu. Laini ya msaada wa kisaikolojia ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199, bila malipo.

Watu wamekuwa wakificha jambo hili kwa kuogopa polisi, na hawakukosea kuogopa: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Waambie watu hilo. Mama anayejua kwamba mwanawe hatafungwa atakuita mapema.

Kwa ukatili wa ngono, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri anavyozianza mapema ndivyo bora. Hapo usikae kuchambua hisia kwanza: mpeleke, na njiani muwe mnaongea. Laini ya 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto. Anayepigwa nyumbani usimharakishe kuondoka wala usimwite mumewe mkae watatu kupatanisha. Anayejua mume atafanya nini akirudi ni yeye, kwa hiyo muulize ni lini huwa salama, na ni wapi angekimbilia usiku.

Umetaja maombi. Mtu akiomba muombe pamoja, ombeni, hasa kama ni imani yenu nyote. Lakini yaje baada ya kusikilizwa, na yeye ndiye aseme anataka kuombewa nini. Maombi yanayoanza mapema yanamnyamazisha sawasawa na lile neno "vumilia".

Haya yote hutayapata kwa kuyasoma, hata ukiyasoma mara kumi. Tafuta wenzako wawili mnaoaminiana. Mmoja aseme, mmoja asikilize, wa tatu atazame. Dakika kumi, kisha mbadilishane. Anayesema alete jambo lake la kweli lakini dogo, kama ugomvi na mwenye nyumba juu ya stima. Msiguse kidonda kikubwa kwa ajili ya mazoezi. Anayetazama afanye kazi moja tu: ahesabu msikilizaji ameuliza maswali mangapi, ametoa ushauri mara ngapi, amemrudishia mwenzake maneno yake mara ngapi. Wiki ya kwanza fanyeni kurudisha maneno peke yake, bila swali hata moja. Mtateseka, na ndiyo maana ya zoezi. Wiki nyingine maswali, nyingine ukimya, nyingine kufupisha. Njia hii ya stadi moja kwa wakati mmoja si yangu. Allen Ivey na wenzake kule Colorado waliitumia miaka ya 1960, wakiwaonyesha wanafunzi video zao wenyewe. Na Rogers, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940, alirekodi vikao na kuvisikiliza tena neno kwa neno. Leo kila mmoja wenu ana kinasa sauti kwenye simu. Rekodini mazoezi yenu kwa idhini ya wote, sikilizeni, kisha futeni. Usimrekodi kamwe mtu aliyekufungulia moyo nyumbani kwake.

Wewe mwenyewe utalemewa pia. Ukianza kuota habari za watu, au kukasirishwa na kila anayebisha hodi, hiyo ni dalili. Mwombe msimamizi wenu atenge saa moja katika mkutano wa mwezi mjadili kesi bila majina, na kama kuna mshauri nasaha katika kituo chenu, awe anakaa nanyi. Washauri waliosomea nao hufanya hivyo kazi yao yote.

Kuhusu taaluma yenyewe: Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda bodi inayosajili watu wa kazi hii. Bila usajili usijiite mshauri nasaha, usiweke kibao, usitoze ada. Wewe endelea kuwa mhudumu wa afya anayejua kusikiliza. Ukiamua kuendelea, ukanda wetu una vyuo vikuu vinavyofundisha saikolojia na ushauri, kama Egerton kule Njoro, Maseno, na Masinde Muliro kule Kakamega, na vipo vyuo vidogo vya cheti na diploma. Kuna pia kozi za mwisho wa wiki moja zinazomvalisha mtu joho na kumwita mtaalamu. Kabla ya kulipa hata ada ya fomu, iulize bodi kama inaitambua kozi hiyo. Kisha kiulize chuo: nitakaa na watu halisi kwa saa ngapi kabla ya kumaliza, nani atanisimamia nikiwa nao, na mimi mwenyewe nitapitia ushauri nasaha kama mteja? Wakikujibu kwa kukuonyesha cheti kilichowekwa kwenye fremu, chukua pesa zako urudi Nyalenda, ukaendelee na wenzako wawili mpaka upate chuo kinachojibu.